Mjomba wa Tende Sita

Sogeeni niwape ya Pimbi. Mama yake alienda mbali kumfulia Ngamia mazulia, na kila mwezi anatuma tende za ada. Ada inalipwa, ila shule Pimbi haendi. Mwalimu Kobe akachoka. "Kesho njoo na mzazi, la sivyo usirudi."

Pimbi akamkodi Ngiri, yule mzee wa kushinda matopeni, kwa tende sita. "Wewe ni mjomba wangu. Sema tu umesikia, tusepe."

Ngiri akafika kwa mwalimu, akaketi, akaomba daftari la Pimbi. Akafunua kurasa zote, nyeupe tupu. "Mwalimu, usimfukuze. Kesho namleta mwenyewe."

Nje Pimbi akawaka. "Mzee, si nimekulipa unyamaze?"

Ngiri akamrudishia tende zake zote sita. "Mjomba halipwi. Saa moja asubuhi nipitie."

Pimbi akaondoka amenuna. Lakini tangu mama asafiri, hakuna mwingine aliyewahi kulifungua daftari lake.

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, alikuwa anamvuta Ngiri mkia pale matopeni. "Mjomba, amka bwana, tutachelewa."