Waya wa Ethi

Fundi mzee alibonyeza swichi, taa ikawaka. Wanafunzi wenzake, vijana wa umri wa wajukuu zake, wakampigia makofi. Baada ya miaka thelathini ya kazi, alikuwa amerudi chuoni kutafuta cheti ambacho sasa kila fundi umeme lazima awe nacho.

Mwalimu aliyesimamia mtihani hakupiga makofi. Alikuwa binti wa dada yake, na huyu mzee ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Mwalimu alilegeza skrubu za soketi aliyoifunga mzee, akaivuta taratibu kutoka ukutani.

Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaomkinga mtu asipigwe na umeme, ulikuwa umejikunja nyuma, haujafungwa popote. Ncha yake ya shaba ilikuwa inang'aa, haina hata alama ya skrubu.

Aliitazama fomu ya alama. Asiyefunga ethi amefeli, hata akipata kila kitu kingine.

"Mjomba," alinong'ona, "ni skrubu moja tu. Kaza, mimi nageuka."

Mzee alivaa miwani, akainama, akautazama ule waya kwa muda mrefu.

"Nimefunga umeme nyumba ngapi mtaani kwetu?"

"Nyingi, Mjomba. Sijui."

"Na tangu macho yaanze kunisumbua?"

Mwalimu alirudisha bisibisi mezani.

Mzee akachukua kalamu mezani, akamtia mkononi.

"Andika nimefeli, mwalimu. Halafu beba vifaa vyako twende. Tuanze na nyumba ya mama yako."