Sauti ya Digidigi Kichakani

Digidigi alikuwa na kosa alilomkiria Mungu tu: kila alipokwenda malishoni, alingoja mkewe Sikujua asinzie, kisha akanyata. Aliogopa kuaga, maana neno “naondoka” lilimfanya mkewe apige ukelele, “Nenda, sikutaki!” na papo hapo, “Mume wangu, usiniache!”

Adhuhuri moja, akirudi, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kichakani: “Nipo, mke wangu. Sitoki.” Kuchungulia, akamwona Sikujua peke yake, akijijibu kwa sauti ya mumewe.

“Unaongea na nani?”

“Na mume wangu asiyenitoroka. Wewe nani?”

Kesho yake hakunyata. Alimwamsha, akapaka kijitini lile chozi jeusi la pembeni mwa jicho ambalo digidigi huwekea mipaka ya kwao.

“Nina njaa, mke wangu. Kabla chozi hili halijakauka, nitarudi.”

“Nenda ukaliwe na fisi!”

Akaenda, akarudi upesi. Alimkuta Sikujua pua yake kijitini, na kichaka kiko kimya, bila ile sauti ya kuigiza.

“Limekaribia kukauka,” alinung'unika.

“Lakini bado, bibi wee.”

Ndugu msikilizaji, umpendaye akiwa hivi, tafadhali usimtoroke. Muage, kisha urudi.