Msomaji Hakatizwi

Mkurugenzi alibonyeza kitufe kimoja, na mikono ya Benita Echemendía ikatoweka.

"Kwisha," alisema, akamrudishia Idalmis kamera yake kama anamrudishia jirani sufuria. "Sasa tuanze upya, vizuri."

Miezi saba ilikuwa ndani ya kamera ile. Idalmis aliiazima kwa rafiki yake aliyeko Havana, akalala kwa mashangazi, akala wali na maharage ya kila jirani mwenye huruma, yote ili atengeneze filamu yake mwenyewe, isiyo ya wizara wala ya kampuni, kuhusu wasokotaji wa sigara nene za tumbaku, wa kiwanda cha mji aliozaliwa. Nakala hakuwa nayo. Kompyuta yake ilikuwa imeungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo.

"Umefuta watu, Ndugu Mkurugenzi."

"Nimefuta malalamiko. Ijumaa wanakuja wageni wanaonunua sigara zetu, na wewe unataka kuwaonyesha ndoo za kukingia mvua paa likivuja. Nitakuletea wasichana wawili wa pale hotelini, maua kichwani, wasokote sigara mapajani. Hiyo ndiyo filamu."

Mapajani! Sigara husokotwa juu ya ubao, na aliyezusha habari za mapaja hakuwahi kukaa kwenye benchi hata siku moja. Idalmis alimwambia hivyo hivyo, na akaongeza kwamba afadhali aivunje kamera kuliko kuilisha uongo huo. Mkurugenzi akamfungulia mlango.

Benita alikuwa akimsubiri getini. Alikuwa rafiki wa marehemu mama yake Idalmis. Walikaa benchi moja kiwandani tangu usichana wao. Aliposikia habari ya mapaja alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mapaja yangu yana kazi zake, mwanangu, na sigara haimo." Kisha kicheko kikamwisha. "Kwa hiyo na mimi nimefutwa?"

"Na wewe, mama."

Hilo ndilo lililomuuma Idalmis kuliko miezi yote saba. Benita alikubali kupigwa picha kwa sharti moja. "Dunia nzima inazijua sigara zetu," alisema siku ile, "na sisi hakuna anayetujua. Mwaka huu nastaafu. Nichukue nikitaja jina langu, watu walisikie." Akalitaja, huku vidole vyake vikiivisha sigara jani la nje bila yeye kuvitazama, laini, bila mkunjo hata mmoja. Akasema pia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kumudu kununua hata sigara moja katika zile alizosokota mwenyewe.

Jioni ile walikwenda kwa Zoraida, msomaji wa kiwanda. Kila siku ya kazi Zoraida hukaa juu ya jukwaa mbele ya kipaza sauti na kuwasomea wasokotaji huku mikono yao ikifanya kazi: asubuhi magazeti, mchana riwaya. Riwaya huchaguliwa na wasokotaji wenyewe kwa kura, haki yao ya tangu enzi za mababu. Wakipendezwa, hugonga mbao kwa visu vyao vya mviringo vya kukatia majani. Wasipopendezwa, huviangusha sakafuni, na msomaji anaelewa.

Zoraida aliwamiminia kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho, akakunja uso, kisha akavuta daftari na kalamu.

"Hebu nisimulie hizo picha zako, moja moja," alimwambia Idalmis. "Ukitaka kulia, lia. Ila usiruke hata moja."

Idalmis alisimulia. Alilia pia, lakini hakuruka.

Ijumaa wageni walifika, wanne pamoja na mkalimani wao. Mkurugenzi alikuwa amefunga spika mpya kila pembe ya ukumbi, hata nje barabarani, ili mji mzima ujue kiwanda kina wageni. Wasichana wa hotelini walisimama mlangoni na maua yao, wakisubiri zamu yao. Ndoo zilikuwa zimefichwa stoo.

Idalmis alikuwa amekaa kwenye nafasi ya mama yake, kando ya Benita, bila kamera. Mkurugenzi alimwona, akamwinamia.

"Naona akili imekurudia."

"Imerudi yote, Ndugu Mkurugenzi."

Mgeni mmoja aliuliza yule mwanamke aliye jukwaani ni nani. Mkurugenzi alikuwa akilingoja swali hilo. Akatoa kifua mbele.

"Huyo ni msomaji wetu. Huu ndio utamaduni wenyewe, waheshimiwa. Akishaanza kusoma, hakuna wa kumkatiza mpaka amalize. Hata mimi mnayeniona hapa, sina ruhusa."

Mkalimani akatafsiri. Wageni wakainamisha vichwa kwa heshima, na mmoja akatoa simu yake arekodi.

"Na leo anasoma nini?"

"Riwaya mpya. Waliipigia kura jana, wote kwa sauti moja."

"Inahusu nini?"

Mkurugenzi hakuwa ameuliza. "Mapenzi," alijibu bila wasiwasi.

Zoraida alivaa miwani, akanywa funda la maji, akagonga kipaza sauti kwa kidole. Visu vikatulia juu ya mbao. Benita alijifuta mikono kwenye aproni na kukaa wima, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Sura ya kwanza," alisoma Zoraida, na sauti yake ikaenea ukumbini na barabarani. "Mkurugenzi alibonyeza kitufe kimoja, na mikono ya Benita Echemendía ikatoweka."