Viti vya Katikati

"Vueni aproni mkajaze viti vya katikati, mzee asione ukumbi mtupu!" supavaiza alifoka. Phoebe na wahudumu wenzake wa hoteli ile ya Doha wakaketi mbiombio.

Jukwaani, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza alizisifu siasa zake za mrengo wa kati, zilizompa kura za kumwaga enzi zake, na ambazo sasa hata kwao zimekosa mnunuzi.

"Nani bado anaziamini?" akauliza.

Supavaiza akawakonyeza.

Phoebe akainua mkono, wenzake wakamfuata. Machozi yakamlengalenga mzee, akatabasamu.

Ghafla tabasamu likamganda mdomoni. Phoebe akatazama juu.

Mikono yote ilikuwa na glavu nyeupe za kuhudumia mezani.