Taa ya Kijani

Siku hizi kanula, ule mrija mdogo unaowekwa mshipani kupitishia dripu, haitolewi mpaka yenyewe iombe. Taa yake ikiwa ya kijani, mgonjwa anauguzwa nyumbani. Ikiwaka nyekundu, muuguzi anakuja kuibadilisha. Kuigusa kabla ya hapo ni kosa.

Dripu ya mama yake Nyamizi ilining'inia kwenye msumari wa chandarua.

"Mkono unaniwaka moto, mwanangu," mama alisema, akikataa uji.

Nyamizi aliinama, akaitazama taa. "Mbona ni ya kijani, mama? Hapo hapaumi."

"Na bangili imenibana."

Kweli, ilikuwa imezama kwenye nyama. Nyamizi aliipaka sabuni, akaivua kwa shida, akaiweka kabatini. Kisha akaitazama taa tena, roho ikatulia. Mama alivuta kanga, akaufunika mkono.

Asubuhi Nyamizi alifungua dirisha. "Umeamkaje, mama?"

Mama aliufunua taratibu mkono uliokuwa umevimba mpaka kiwikoni. Akaitafuta taa kwa macho; ilikuwa bado ya kijani.

"Nimeamka salama, mwanangu," alisema.