Kifungo Chekundu

Kwenye skrini zilibaki kadi nne, zote zimefunikwa. Fundi cherehani mstaafu alijua fika kifungo chekundu kilipojificha. Akikipata, mazoezi ya kumbukumbu yamekwisha kwa leo.

Tangu ugonjwa wa Parkinson umwingie, mkono ulitetemeka kama jani, na mkewe ndiye aliyemshika kifundo cha mkono ili kidole kilenge sawasawa. Kiganja chake kilikuwa na uvuguvugu wa pasi iliyozimwa sasa hivi. Kwa mguso huo, fundi aliona chumba kizima kama kinaelea.

Akagusa kadi nyingine. Skrini ikaandika: Rudia.

“Wiki ya tatu unakwama hapo hapo,” mkewe akanong'ona. “Unadhani sijui ni makusudi?”

Masikio ya fundi yakawaka moto.

Kiganja hakikubanduka. “Haya, baba watoto. Safari hii kosea polepole.”