Bendera ya Ovaroli

Mbio za magari za mji ule hazikuwahi kuanza, mwaka wowote, kabla Bi Sikudhani hajashusha bendera. Kilikuwa kitambaa cha buluu alichokikata kwenye ovaroli ya mumewe, Chande, aliyechonga uwanja ule mdogo wa duara kwa trekta, kisha akafia kwenye kona yake ya pili.

Mwaka huu mtangazaji alisimulia historia kwenye kipaza sauti. Mbio zilianzishwa na marehemu baba yake mheshimiwa mdhamini. Tangu hapo, alisema, halijamwagika hata tone la damu.

Watu wakapiga makofi. Bi Sikudhani akawatafuta jukwaani wazee waliomchomoa Chande kwenye gari. Nao walikuwa wanapiga makofi.

"Mama, shusha basi, injini zinachemka!" dereva wa mbele akamwita.

"Mwambieni mdhamini ashushe ya baba yake."

Akaikunja bendera, akakatisha uwanja hadi kona ya pili, akaitandika katikati ya njia kama mkeka, akaketi.

Magari yakazidi kunguruma. Kule jukwaani mdhamini akasimama, akatoa leso mfukoni, akainyanyua juu.